Bingwa Niliyempunguzia Mkanda

Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu na mzee aliyefundisha ngumi hapa Goma tangu enzi mimi mwenyewe nikiwa na kiuno chembamba. Hakunisalimia, jambo ambalo si kawaida yake. "Muandikaji," alisema, "ule kijana yetu ya Masisi ameenda. Jana, wakati batu banatoka ku misa. Tunamuzika kesho kutwa." Nikamuuliza ni ugonjwa gani. Akasema ni mafigo. Kijana aliyemtaja alikuwa mwanaume wa karibu miaka arobaini mwenye mke na watoto watatu, lakini kwa mwalimu huyo kila aliyepita mikononi mwake hubaki kijana. Kabla ya kukata simu aliniita mazikoni, kwa sauti ya chini: "Ukuye. Na ukuye na kitu ya kusema."

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba nimewahi kuandika juu ya bondia huyo. Mara ya kwanza nilimsifu, mara ya pili nilimshusha. Leo naandika mara ya tatu, na ningetoa mengi ili makala hii iwe imetoka miaka miwili iliyopita. Kwa wale wasiofuatilia ngumi niseme kwanza kwamba mabondia hupangwa kwa kilo. Mtu wa kilo sitini hapambanishwi na mtu wa kilo themanini, na kila daraja la uzito lina kiwango chake cha chini na cha juu, na mkanda wake wa ubingwa. Wengi hufa bila kugusa mkanda hata mmoja. Wachache hushinda katika uzito mmoja, wakaheshimiwa maisha yote. Marehemu wetu alishinda ubingwa wa mkoa katika madaraja matatu tofauti, na mabishano juu ya idadi hiyo ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Mkanda wa kwanza aliupata akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, katika uzito mwepesi, kilo sitini. Nilikuwepo. Ukumbi ulikuwa bohari la zamani lenye sakafu ya mawe meusi, na watazamaji walisimama kwa sababu viti vilikuwa vya wakubwa peke yao. Alikuwa ameteremka kutoka milima ya Masisi, mwana wa wafugaji, anaongea kidogo na kwa aibu. Mpinzani wake alikuwa mtu wa mjini, mwenye mashabiki na kaptula inayong'aa. Raundi ya kwanza kijana alipigwa sana. Raundi ya pili akaanza kurudi nyuma, hatua moja, nusu hatua, na kila mpinzani alipomfuata alikutana na ngumi ya kushoto iliyokuwa ikimngoja. Hakuna aliyemfundisha hilo siku ile. Alikuwa amemsoma mtu mbele ya macho yetu. Alipotangazwa mshindi hakuruka wala kupiga kelele. Alienda kona ya mpinzani wake, akamsaidia kufungua kamba za glavu.

Kisha akapotea. Kulikuwa na utulivu kidogo kule milimani, wa ile aina tunayojifunza kutoiamini, na baba yake akarudi na ng'ombe kwenye malisho ya zamani. Kijana akamfuata. Alipotokea tena Goma baada ya miaka miwili mitatu, hata mimi nilimpita barabarani bila kumtambua. Shingo ilikuwa imejaa, mabega yamepanuka, na alikuwa akipigana katika uzito wa welta, karibu kilo sitini na saba. Bingwa wa daraja hilo alikuwa mtu wa kuogopwa, aliyekuwa amewaangusha watatu mfululizo. Wetu alimwangusha mara mbili, na mara ya pili bingwa hakutaka kuinuka. Nilimfuata nje, nimeshika daftari langu, nikamuuliza ni mazoezi gani yaliyompa mwili ule. Akacheka. "Papa, ni maziwa tu. Asubui maziwa, mangaribi maziwa, mu midi biazi na maharagi. Kilo zilikuya zenyewe." Niliandika maneno hayo kama kichekesho mwishoni mwa makala ya sifa. Sikuelewa kwamba alikuwa amenipa ufunguo wa maisha yake yote ya ngumi.

Sisi tunaopenda mchezo huu tuna namna yetu ya kumpima bingwa wa madaraja mengi. Tunauliza alipanda au alishuka. Anayepanda tunamheshimu, kwa sababu anaacha watu wa kimo chake akaenda kukutana na mikono mizito kuliko aliyoizoea. Anayeshuka tunamtilia shaka. Tunauliza pia mkanda ule aliuchukua kwa nani, kwa bingwa wa kweli au kwa mtu aliyeokota cheo kilichoachwa wazi. Aliutetea mara ngapi. Majaji walikuwa akina nani. Ni maswali mazuri na sijayakataa hata leo. Ubaya wake ni kwamba yote yanaanza na wazo moja ambalo hatulisemi, kwamba bondia huchagua uzito wake. Katika nchi zenye wapishi na madaktari wa michezo labda ni hivyo.

Vita viliporudi Masisi, ambako alikuwa amerudi kufuga, familia yake ilikimbia kwa miguu. Ng'ombe walibaki, na baba yake alibaki nao, na mpaka leo hakuna anayejua kaburi lake. Wengine walifika kambi ya wakimbizi ya Munigi, nje kidogo ya mji, wakapewa turubai, wakajenga nalo hema juu ya mawe. Ndani ya hema lile waliishi watu sita: yeye, mke wake, mama yake na watoto watatu, mmoja akiwa bado mchanga. Mimi sikujua habari hizo. Nilichojua ni kwamba vijana wa ngumi walikuwa wameandaa mapambano kwenye uwanja wa wazi karibu na kambi, ili wakimbizi wapate kitu cha kutazama, na kwamba bingwa wa uzito wa unyoya, kijana hodari wa mjini, amekubali kuweka mkanda wake rehani. Mpinzani wake akatangazwa: ni yule bingwa wetu wa zamani wa welta. Kutoka kilo sitini na saba hadi hamsini na saba! Nikacheka peke yangu. Nilijua mchezo huo. Mtu mkubwa anajinyima maji, anakimbia juani amevaa makoti mawili, anatema mate kwenye kopo siku nzima ili mizani imkubali, kisha anakunywa na kula na kupanda ulingoni akiwa mzito kuliko mwenzake.

Nilikwenda kumwona akipimwa. Mtu aliyejikausha utamjua: midomo imepasuka, na kwenye mizani anavua kila kitu hadi soksi, kwa sababu kila gramu ni adui. Huyu alipanda na shati, suruali na viatu. Mpimaji akamwambia, "Vua viatu, basi." Akajibu kwa upole, "Acha tu, papa. Iko muzuri hivi." Kabla ya hapo nilikuwa nimemwona nyuma ya hema akinywa maji kutoka kwenye kidumu, akinywa kwa shida, kama anayemeza dawa. Nikaona yote hayo kwa macho yangu mawili. Nikaandika kwenye daftari: majivuno, anadharau mizani.

Pambano lenyewe alilishinda kwa pointi, bila ubishi. Hakuwa na nguvu za zamani. Alishinda kwa miguu na kwa akili, akimkwepa yule kijana raundi zote tatu, akigusa na kuondoka. Alipokuwa anashuka ulingoni alishika kamba kwa mikono miwili kama mzee anayeshuka ngazi. Hilo nalo nililiona. Lakini nilikuwa nimeshatunga sentensi zangu nikiwa bado kwenye pikipiki ya kurudi mjini. Niliandika kwamba bingwa aliyekuwa akipanda amegeuka kuwa mshuka ngazi, mtu mzima anayekwenda kufanya mtihani wa watoto wa darasa la tatu. Niliandika kwamba amejikausha, tena akaidharau mizani kwa kuipanda na viatu, kwamba mkanda wa tatu hauhesabiki kuwa mkanda kamili, na kwamba kuanzia sasa tumwite bingwa wa mikanda miwili na nusu.

Nilijivunia sana maneno hayo. Watu walinisimamisha njiani kunipongeza. Ndani ya juma moja mji mzima, ambao hupenda majina ya utani ya Kifaransa, ulikuwa umeyageuza kuwa jina: Dezedemi, yaani mbili na nusu. Madereva wa pikipiki walimwita hivyo, wauzaji wa sokoni pia. Na si utani tu uliotokea. Ukumbi mmoja wa mazoezi kule Himbi ulikuwa unatafuta mwalimu wa ngumi, naye aliomba kazi hiyo. Kamati iliyosimamia mapambano wakati ule, ambayo sasa imeshavunjika, ilitakiwa kuthibitisha mataji yake. Ikaandika kwamba ana mataji mawili na la tatu lina utata, na kama ushahidi wa utata ikaambatanisha makala yangu. Kazi akapewa mwingine. Yeye akaenda kushusha magunia kwenye malori yanayotoka Bunagana.

Haya yote aliniambia mwenyewe. Alikuja nilipokuwa ninafanyia kazi, mchana, akiwa na vumbi la magunia kwenye nywele. Nilidhani amekuja kunipiga, na nakiri kwamba nilisogeza kiti ili meza iwe kati yetu. Aliketi baada ya kuruhusiwa.

"Muzee, nilisoma mambo yenye uliandika," alianza. "Sikuya kugombana. Nilikuya kukuambia kitu moya tu. Uliandika kama nilizarau mizani, juu nilipanda na viatu. Haikuwa mazarau. Kama ningevua viatu, mizani ingenikatala. Nilikuwa chini."

"Chini ya nini?"

"Chini ya uzito. Balikuwa banahitaji kilo zipite makumi tano na ine. Mi sikufika. Nilikunywa maji karibu nitapike, nikavaa viatu, nikaweka na mukaba munene. Njo nikafika."

Kilo hamsini na nne ndicho kiwango cha chini cha uzito wa unyoya. Mtu niliyemwandika kuwa amejikausha ili afae kwa uzito mdogo alikuwa amejijaza maji ili aufikie. Nikamuuliza, kwa sauti ya mtu anayetafuta pa kujificha, kwa nini hakuwa anakula.

"Tulikuwa batu sita mu hema moya. Chakula ilikuwa inafika ya batu batatu. Mama yangu mugonjwa, muke yangu ananyonyesha, batoto banalia. Ungekula, wewe?"

"Sasa mbona ulipigana? Katika hali ile?"

"Kule ku kambi nilikuwa mutu wa kushika mustari na sahani. Kila siku banaita numero, numero, numero. Nilitaka siku moya baniite kwa jina yangu."

Nikamuuliza anataka nini kutoka kwangu. Alisema hataki kuombwa radhi. "Andika tu vile ilikuwa. Batoto yangu banaitwa ile jina ku masomo." Nikamwahidi. Tukapeana mikono, na nakumbuka kiganja chake kilikuwa kikavu na kizito kama ubao.

Sikuandika. Juma la kwanza nilisema nitaanza na habari iliyokuwa moto zaidi. Juma la pili mizinga ilisikika karibu na mji, na nani angetaka kusoma habari za ngumi? Kisha vita vikaingia mjini kwenyewe, kambi zikavunjwa, watu wakafungasha tena vitu ambavyo hawakuwa wamevifungua, na kwa muda gazeti halikutoka kabisa. Lilipoanza kutoka upya niliandika juu ya maji, juu ya barabara, juu ya wafu wasio na majina. Zilikuwa sababu nzuri. Chini yake kulikuwa na sababu moja mbaya: nilikuwa nimesifiwa kwa sentensi ile, na kuisahihisha kungekuwa kukiri hadharani kwamba mjuzi wa mizani alimwona mtu mwenye njaa akamwita mwenye majivuno. Kila nilipoketi kuandika, aibu ilinipa mada nyingine.

Yeye alibaki mjini, katika chumba kimoja cha mbao, akiendelea kushusha magunia kila malori yalipopita. Mwaka huu alianza kuvimba, miguu kwanza, halafu uso. Mke wake ananiambia kwamba watu walipomwona barabarani walimpongeza. "Banasema, eeh, sasa unanenepa, kumbe unakula muzuri! Na yeye anacheka nabo." Yalikuwa maji ambayo mafigo yake hayakuweza tena kuyatoa. Daktari alieleza kwamba mwili uliopitia njaa ndefu, malaria zisizotibiwa vizuri na kazi nzito juani huchoka mahali pasipoonekana. Mashine ya kusafisha damu haikupatikana kwa ajili yake, na safari ya kuitafuta mbali haikuwezekana. Alikaa kitandani majuma matatu. Siwezi kusema makala yangu ilimuua. Lakini najua kwamba kule Himbi angekuwa kivulini, akifundisha watu kurudi nyuma nusu hatua.

Siku ya maziko tulikusanyika kwanza kwenye ua wa nyumba yao. Wanaume wa ngumi walikuwa wameketi upande mmoja, wenye pua zilizovunjika na masikio mazito, na kama ilivyo kawaida yetu, huzuni ilipochoka mabishano yakaanza. Mmoja alisema marehemu ni bondia bora kuliko wote waliozaliwa mkoa huu, kwa kuwa hakuna mwingine mwenye madaraja matatu. Mwingine akapinga. "Ya tatu haihesabiwi," alisema. "Ilikataliwa mpaka ku gazeti." Mzee aliyenipigia simu aligeuza kichwa taratibu akanitazama. Mbele ya uso wake, na mbele ya msalaba wa mbao uliokuwa umeegeshwa ukutani ukingojea kupakwa maandishi, nilisimama nikawaambia kwamba gazeti ni mimi, na kwamba nilikosea.

Niliomba nafasi ya kusema makaburini, mchungaji akanipa. Wachimbaji walikuwa wamehangaika na mawe tangu alfajiri, na shimo halikuwa refu kama linavyopaswa. Nilisimulia upimaji ule jinsi ulivyokuwa: viatu, mkanda wa suruali, maji. Nilisema kwamba alichukua ubingwa wa kwanza akiwa kijana wa kilo sitini, wa pili katika miaka michache ambayo nchi ilimruhusu kunywa maziwa ya ng'ombe wa baba yake, na wa tatu akiwa na njaa, dhidi ya bingwa kamili aliyeshiba na aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka zaidi ya kumi. Nilisema kwamba kwa hesabu yangu ya sasa, huo wa tatu ndio mkubwa kuliko yote. Bingwa yule wa unyoya aliyeshindwa alikuwa amesimama katikati yetu. Alitikisa kichwa kukubali, akafuta macho kwa kiwiko.

Baada ya udongo kurudishwa nilimwendea mjane. Alikuwa amembeba mtoto wa mwisho, naye mama mkwe amemshika bega. Nikamwambia, "Mama, samahani. Nilichelewa."

Alinitazama bila hasira, na ningependelea hasira. "Nimekusikia, papa. Ulisema vile ilikuwa. Lakini yeye alikungoja. Kila juma alikuwa anaenda kwa ule wa kuuzisha magazeti, anaomba afungue tu ile ukurasa yako, aone kama umeandika. Hata mu ile juma ya kuanguka kitandani alienda." Akamhamisha mtoto begani. "Alikuwa anarudi anasema, bado, labda juma ingine."

Tunaoishi kwa kuandika, kuhukumu, kutoa alama na kutia sahihi kwenye barua za watu wengine, tunafanya kazi ambayo inatupa haki ya kukosea. Sidai kwamba tuache kupima watu. Mchezo hauna maana bila majaji, na mji hauna maana bila watu wanaothubutu kusema huyu alifanya vizuri na yule alifanya vibaya. Ninachosema ni kwamba kabla ya kumpunguzia mtu sifa yake ni lazima kwenda kumuuliza, kwa kuwa nilikuwa umbali wa hatua kumi kutoka kwake siku ya kupimwa na sikuzitembea. Na nikishajua kwamba nimekosea, kosa hilo lisahihishwe juma lile lile, hata kama kuna habari kubwa zaidi, hata kama wasomaji watanicheka. Nilidhani ukurasa huu ni wangu na kwamba ungeningojea mpaka nipate ujasiri. Ukurasa ulikuwepo kila juma. Aliyekuwa anakuja kuusoma ndiye ambaye hatakuja tena.